Maisha ya Mwenda Jean Bosco, Mpiga Gitaa wa Katanga

Katika kurasa za gazeti letu hili wamekwisha kuandikwa watawala, mashujaa wa vita na wavumbuzi wa dawa. Safari hii mimi nimeomba nafasi nimwandike mtu ambaye hakutawala nchi wala hakupigana vita, bali alipata sifa katika Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, na hata ng'ambo ya bahari, kwa vidole viwili vya mkono wake wa kuume: kidole gumba na kidole cha shahada. Jina lake ni Mwenda Jean Bosco.

Sababu zangu za kumchagua ni mbili. Ya kwanza inatoka kwa wanafunzi. Kila muhula vijana wa chama cha muziki huniambia ya kuwa hatuwezi kuwa na bendi, maana shule haina magitaa ya umeme, haina besi, wala haina spika za kutosha. Tunayo magitaa mawili tu ya mbao, na moja lina ufa. Sababu ya pili inatoka kwa wazazi. Muhula huu mzazi mmoja, mtu wa heshima ambaye sitamtaja, alikuja shuleni akamwondoa mwanawe katika chama kwa kuhofia kwamba gitaa ni mlango wa uhuni na kwamba mtoto akilishika ataacha vitabu. Kijana yule ana sikio jema kuliko wenzake wote, na kiti chake jioni ya Jumatano kingali kitupu. Mzazi huyo ana haki ya kuhofu, kwa sababu wapigaji walevi wapo na kila mtu amewaona. Walakini nimeona kuliko kubishana ni afadhali nieleze habari za mpigaji mmoja, jinsi alivyoishi na jinsi alivyofanya kazi yake, kisha kila mtu apime mwenyewe.

Mwenda alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, katika jimbo la Katanga, ambalo wakati ule lilikuwa sehemu ya Kongo ya Wabelgiji. Msomaji wa Viwanja Sitini asidhani kuwa huko ni mbali nasi mno. Reli ya TAZARA ipitayo hapa Ifakara hushika njia ya Mlimba, Makambako na Mbeya, ikaingia Zambia hata Kapiri Mposhi; na mtu akitoka hapo, akapita katika miji ya shaba ya Zambia na kuvuka mpaka, amekwisha kuingia Katanga.

Tena upo undugu wa damu. Watu wa Bunkeya huitwa Wayeke, na asili yao ni huku kwetu, katika Wasumbwa na Wanyamwezi. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Usumbwa walikuwa wakienda Katanga kutafuta shaba na pembe. Mmoja wao, Ngelengwa, ajulikanaye zaidi kwa jina la Msiri, alikaa huko huko, akashika utawala, akaufanya mji wa Bunkeya kuwa makao yake makuu. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba, 1891, na watu wa msafara uliotumwa kuitwaa nchi yake kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwenda lilikuwa jina la utawala la Msiri na la wale waliomfuata katika kiti. Basi mpiga gitaa huyu alibeba jina kubwa, na jina hilo lilitoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Alikua katika miaka ambayo migodi ya shaba ya Katanga iliwavuta watu kutoka pande zote. Walikuja watu wa Kasai, wa Rwanda, wa Rhodesia ya Kaskazini na wa Nyasaland, kila mmoja na lugha yake na ngoma yake, na lugha waliyoelewana kwayo ilikuwa Kiswahili. Katika miji kama Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, na Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, mtu mwenye mshahara aliweza kununua vitu ambavyo babaye hakupata kuviona: baiskeli, saa, santuri na gitaa. Santuri zilizopendwa zilikuwa za Cuba, zenye alama ya G.V., ambazo zilianza kuuzwa Afrika tangu miaka ya 1930. Ni santuri hizo hizo zilizowapendeza watu wa Morogoro hata Salum Abdallah akaiita bendi yake Cuban Marimba. Katika sinema vijana waliwatazama wachunga ng'ombe wa Marekani wakiimba na gitaa mapajani. Mwenda aliyasikia yote hayo, na juu ya yote alisikia muziki wa kwao.

Hapa inafaa nitaje jambo moja, maana bila hilo hatutafahamu vidole vyake. Mwafrika wa sehemu hizo hakulikuta gitaa akiwa na mikono mitupu. Alikuwa na ala ndogo ya vyuma vilivyofungwa juu ya kibao, ambayo Kongo huitwa likembe na Wagogo wetu huiita ilimba. Ala hiyo hupigwa kwa vidole gumba, pengine na shahada kusaidia. Mkono mmoja huweka msingi unaorudi na kurudi, na mwingine hupita juu yake na kuleta maneno mengine. Aliyezoea kuusikia muziki wa namna hiyo, akipewa gitaa, haoni ajabu kwamba gumba liende njia yake na shahada njia yake. Mwenda alipiga gitaa kwa vidole hivyo viwili tu. Vitatu vingine vilipumzika.

Mwezi wa Februari mwaka wa 1952 alifika Jadotville Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey. Bwana huyu kazi yake ilikuwa kuzunguka na mitambo ya kunasa sauti, akikusanya ngoma na nyimbo za Waafrika. Miaka miwili nyuma, mwaka wa 1950, alikuwa amepita katika Tanganyika akifanya kazi hiyo hiyo. Katika mitaa ya Jadotville alimkuta kijana wa miaka ishirini na miwili hivi akipiga gitaa. Alimsikiliza, akaelewa mara moja kwamba kitu alichokisikia hakijapata kunaswa, akatega mitambo yake.

Miongoni mwa nyimbo zilizonaswa wakati ule ilikuwamo ile iitwayo Masanga. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg iliitoa katika santuri, na ikapewa tuzo iliyokuwa ikitolewa kwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka ule. Santuri hiyo ilisafiri kuliko mtungaji wake. Ilipigwa Nairobi, Kampala na Salisbury, na vijana wengi walikaa mbele ya mashine wakiirudisha sindano mwanzo mara nyingi, wakijaribu kujua ni watu wangapi wanaopiga. Jibu lilikuwa mtu mmoja.

Sasa nitaeleza alivyofanya, kwa kuwa hili ndilo ninalotaka wanafunzi wetu waliangalie. Nitatumia maneno ya kwaya, ambayo karibu sote tunayajua.

Kwaya ina sauti nne. Sauti ya kwanza hubeba wimbo, ya pili na ya tatu hujaza katikati, na besi huweka msingi chini. Katika bendi kazi hizo hugawanywa. Bendi zetu za zamani, ambazo tulizoea kuziita jazz ingawa hazikupiga jazz ya Marekani, zilikuwa na gitaa la solo la kubeba wimbo, gitaa la rithimu la kujaza katikati, na gitaa la besi. Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka wa 1944 katika mji mkuu wa mkoa wetu, ilisifika kwa mpangilio huo, hasa Mbaraka Mwinshehe alipokuwa akishika solo kabla ya kuondoka mwaka wa 1973 na kuunda Super Volcano. Wapigaji watatu, magitaa matatu, kila mmoja na kazi yake. Mwenda alizikusanya kazi hizo zote katika gitaa moja la mbao lisilo na umeme.

Gitaa lina nyuzi sita. Uzi wa sita ndio mnene kuliko zote, na wa kwanza ndio mwembamba. Ukizipiga wazi kuanzia ule mnene, na ukifanya C kuwa do, utapata mi, la, re, so, ti, mi. Katika mtindo wa Mwenda gumba hutawala nyuzi nene, yaani ya sita, ya tano na ya nne. Na shahada hutawala zile nyembamba. Tayari kwaya imegawanyika: besi iko chini ya gumba, na sauti ya kwanza iko chini ya shahada.

Mkono wa kushoto nao una kazi yake. Hubana nyuzi kadha pamoja ili zitoe sauti zinazopatana, kama kwaya inaposimama juu ya do, mi, so. Nyimbo nyingi za mtindo huu hutosheka na mafungu matatu ya sauti: la do, la fa na la so. Mtu anayeanza hudhani kwamba kupiga gitaa ni kulibana fungu na kuzikwaruza nyuzi zote sita kwa pamoja. Hiyo ni sawa na kwaya ambayo watu wote wanapiga kelele kwa nguvu moja, hata wimbo usijulikane uko wapi. Mpangaji mwema huanza na wimbo. Huuweka juu kabisa, katika nyuzi nyembamba, kwa sababu sikio la mtu hushika upesi sauti iliyo juu kuliko zote. Kisha hutafuta besi. Katikati huweka sauti moja au mbili zikipatikana, na zisipopatikana huziacha, na hakuna atakayezitafuta, kwa sababu sikio likisikia wimbo juu na besi iliyo sahihi chini hujijazia lenyewe.

Siri kubwa iko katika besi. Gumba lisikae mahali pamoja likigonga do, do, do kama nyundo ya fundi bati. Litembee. Jioni ya Jumatano huwapa vijana zoezi hili: wimbo ukisimama juu ya sauti ndefu, gumba lianze na do katika uzi wa tano, ukibanwa nafasi ya tatu, kisha re katika uzi wa nne ukiachwa wazi, kisha mi katika uzi huo huo, nafasi ya pili, kisha fa, nafasi ya tatu. Hapo mpigaji amekwisha kufika penye fungu la fa, na msikilizaji amepelekwa huko kwa miguu yake, hakurushwa. Kurudi ni vivyo hivyo: kutoka do unaweza kushuka ti, la, hata so ya uzi wa sita, na fungu la so linakungoja hapo. Wimbo ukikimbia, besi ipunguze maneno. Wimbo ukipumzika, besi ndiyo iseme. Ni adabu ile ile ya watu wawili wanaozungumza barazani.

Halafu kuna mapigo. Gumba la Mwenda hutembea sawasawa kama mtu anayetwanga mpunga, na shahada haianguki pamoja nalo kila mara, bali huingia katikati ya hatua, au hutangulia kidogo, au huchelewa. Hapo ndipo wasikilizaji wengi walipodanganyika wakadhani wanasikia watu wawili. Wala hakurudia mambo yale yale. Mtaalamu mmoja, David Rycroft, aliandika noti za upigaji wake moja moja, akazichapisha katika miaka ya 1961 na 1962, akaonyesha jinsi Mwenda alivyokuwa akibadili kidogo kila aliporudi mwanzo. Katika Masanga gitaa hubadilika mara nyingi kuliko maneno ya wimbo. Mimi nimeusikiliza wimbo huo kwa miaka mingi na bado hunipata mahali nisipotazamia.

Nimesema alitumia vidole viwili. Jambo la ajabu ni kwamba huko Marekani, katika jimbo la Kentucky, nchi ya migodi ya makaa ya mawe, alikuwako mtu aliyeitwa Merle Travis, aliyezaliwa mwaka wa 1917, naye alisifika kwa kupiga gitaa kwa gumba na shahada, besi chini na wimbo juu. Mmoja alitoka katika nchi ya makaa, mwingine katika nchi ya shaba, bahari kubwa kati yao, na vidole vilikuwa vile vile. Wapigaji wa jazz nao walitafuta jambo hilo hilo kwa njia nyingine. George Van Eps aliongeza uzi wa saba katika gitaa lake katika miaka ya 1930 ili apate besi ya kutosha. Na Joe Pass alitoa santuri mwaka wa 1973 akiwa peke yake na gitaa lake, bila ngoma wala besi ya mtu mwingine, akiujaza wimbo chini, kati na juu. Hao walitumia mafungu ya sauti mengi na magumu kuliko Mwenda, na mwanafunzi atakayependa jazz atapaswa kujifunza hayo. Lakini kwa upande wa mapigo, yaani jinsi gumba na shahada zinavyopishana, sioni aliyemzidi mtu wa Bunkeya. Hayo ni maoni yangu, na atakaye kubisha na aje na gitaa.

Turudi kwenye maisha yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi, akakaa kwa muda. Alipiga gitaa katika redio, akatumika pia kutangaza vidonge vya kuondoa maumivu ya kichwa, ambavyo nadhani viliuzika vizuri. Ndugu yake, Edouard Masengo, naye alifanya kazi Kenya na kupata sifa. Vijana wa Kenya walioitwa kwa sauti ya magitaa hayo walikuwa wengi, na Magharibi ya Kenya ikatoa wapigaji wake wenyewe, kama George Mukabi na John Mwale, ambao nao waliwapa gumba na shahada kazi zilizo mbalimbali. Kiswahili ndicho kilichowafungulia mlango. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, ambacho kwa masikio yetu kina mikato ya kigeni, lakini mtu wa Nairobi au wa Morogoro humfahamu asipokuwa na haraka.

Mwaka wa 1960 Kongo ilipata uhuru, na siku chache tu baadaye, mwezi wa Julai, Katanga ikajitenga chini ya Moïse Tshombe. Vita na misukosuko iliendelea hata mwezi wa Januari 1963, jimbo liliporudishwa katika Kongo. Katika miaka hiyo muziki nao ulikuwa ukibadilika. Bendi za Léopoldville zilikuja na magitaa ya umeme, tarumbeta na ngoma kubwa, na redio zikawapeleka kila mahali. Mtu mwenye gitaa moja la mbao alianza kuonekana wa zamani. Wengi wa wapigaji wa rika la Mwenda walinyamaza kabisa.

Yeye hakunyamaza, na hakutegemea gitaa peke yake kwa chakula. Hili wazazi walisikie, maana ndilo wanaloniuliza. Katika miaka yake ya baadaye alikuwa na hoteli yake mwenyewe huko Musoshi, mji wa mgodi ulio karibu na mpaka wa Zambia, na alikuwa na bendi ya magitaa ya umeme iliyoitwa Super Shaba. Kwa hiyo hakuukataa umeme. Aliujua na kuutumia, kisha akirudi kwa gitaa lake la mbao alikuwa yule yule. Mwaka wa 1969 alialikwa Marekani kupiga katika tamasha la Newport, penye mkusanyiko mkubwa wa wapigaji na waimbaji wa nyimbo za kienyeji za nchi mbalimbali. Hebu mfikirie: mtu wa Bunkeya, na nyimbo za Kiswahili, mbele ya umati wa Wamarekani wasiojua hata neno moja, na chombo chake ni gitaa ambalo mtu anaweza kulibeba katika basi la Mahenge na kuliweka magotini.

Serikali ya Mobutu ilipobadili jina la nchi kuwa Zaire mwaka wa 1971, Katanga nayo ikaitwa Shaba. Na mwaka wa 1972 raia waliamriwa kuacha majina ya Kizungu. Ndipo Jean Bosco alipozidi kujulikana kama Mwenda wa Bayeke, yaani Mwenda wa Wayeke. Santuri za zamani zina jina la kwanza, na za baadaye zina la pili, hata wengine wamedhani ni watu wawili. Ni yule yule.

Ninalolisikitikia ni hili. Katika miaka ambayo vijana wa miji yake walikimbilia umeme, waliokuja kujifunza vidole vyake walitoka mbali. Alikuja Mwingereza aitwaye John Low, naye mpiga gitaa, akasafiri katika Shaba kuwatafuta wazee wa mtindo ule na kukaa nao ajifunze kwa macho, kisha akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Mwaka wa 1982 Mwenda alialikwa Ujerumani, na huko alipiga na kunaswa. Leo kijana wa Ulaya au wa Marekani anaweza kununua daftari lenye noti za Masanga, akakaa chumbani kwake akazifuata moja moja. Hapa petu nimewauliza wanafunzi wa kidato cha tatu kama wanalijua jina la Mwenda, na katika darasa zima aliinua mkono mmoja tu, msichana ambaye babu yake alifanya kazi ya reli upande wa Zambia na alirudi na santuri.

Wala sisemi vijana wetu waache muziki wa leo. Kijana aimbe apendacho. Nasema tu kwamba shule yenye magitaa mawili, moja lina ufa, haijakosa vyombo. Mwenda alikuwa na moja. Msichana huyo niliyemtaja amekwisha kujiunga na chama, na kwa muda wa majuma sita amefaulu kulitembeza gumba kutoka do hata fa bila kuuangusha wimbo, nao ulikuwa wimbo wa kanisani anaoujua tangu utoto. Mama yake alikuja kusikiliza, akasimama mlangoni na kapu lake la mchicha hata zoezi likaisha. Yule mzazi mwingine nimempelekea habari kwamba zoezi letu linaanza saa kumi na kwisha saa kumi na moja na nusu, kabla ya masomo ya jioni, na kwamba mlango hauna komeo.

Mwaka wa 1988 Mwenda alikwenda Afrika ya Kusini, nchi ambayo santuri zake za kwanza zilitengenezwa, akanaswa tena. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Mtu akizisikiliza nyimbo za 1952 na za 1988 moja baada ya nyingine atasikia kwamba sauti ya kuimba imekuwa nzito na kupungua haraka, lakini gumba halikupoteza hatua. Mwezi wa Septemba 1990 alikufa katika ajali ya gari. Nyimbo zile za Afrika ya Kusini zilitolewa Marekani mwaka wa 1994, chini ya jina lake la Wayeke.